Bosi Analipwa kwa Kazi Gani?

Machi 2010 kampuni ya African Barrick Gold, yenye migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi, North Mara na Tulawaka, iliingia katika soko la hisa la London. Hisa moja iliuzwa peni 575. Baadaye kampuni ilibadili jina ikaitwa Acacia, na Septemba 2019 mwanahisa wake mkubwa, Barrick, alinunua hisa zote zilizokuwa mikononi mwa wengine kwa bei iliyokaribia peni 232. Aliyenunua siku ya kwanza akatulia na hisa zake hadi mwisho alipoteza zaidi ya nusu ya mtaji. Na hawezi kuilaumu dhahabu. Wakia moja ilikuwa kama dola 1,100 kampuni ilipozaliwa sokoni, na ilikuwa imevuka dola 1,400 kampuni ilipomezwa.

Dhahabu ilipanda, kampuni ikashuka. Tangu nilipoziweka namba hizi mbili pamoja, sijaacha kujiuliza thamani ya kampuni hukaa wapi hasa. Je, ile misaada kwa vijiji, ambayo siku hizi hata madiwani wanaiita CSR, inailinda? Na malipo manono ya wakurugenzi watendaji yanaijenga au yanaibomoa?

Nimeziita sauti tatu zijadiliane. Si watu ninaoweza kukutajia majina. Ni hoja ninazozisikia kila mara, nami nimezipa vinywa. Wa kwanza ni Mzee, mstaafu wa benki anayeishi kwa pensheni na gawio. Wa pili ni Mhasibu, mama wa makamo ambaye kazi yake ni kukagua hesabu za makampuni. Wa tatu ni Mwalimu, kijana wa Tarime.

MZEE: Nitasema wazi mahali niliposimama. Kampuni ikitangaza kwamba imetoa madawati na mabati, mimi huuliza ni fedha za nani. Ni zetu sisi wenye hisa. Tulijinyima tukanunua hisa ili fedha izae, na kama nataka kutoa sadaka nitatoa mwenyewe, kwa mkono wangu. Milton Friedman alilisema hili Septemba 1970 katika jarida la gazeti la New York Times: wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida, ilimradi ifuate kanuni za mchezo. Na huyo anayeiongeza faida alipwe vizuri. Chanda chema huvikwa pete.

MWALIMU: Shikamoo, Mzee. Mimi sina ugomvi na faida. Kinachotusumbua sisi wa Nyamongo, kwenye mgodi wa North Mara, ni hiyo "ilimradi". Mwaka 2009 wanakijiji walilalamika kwamba maji yenye sumu kutoka mgodini yameingia Mto Tigithe. Tarehe 16 Mei 2011 umati wa watu uliingia mgodini kusaka mawe, polisi wakafyatua risasi, wakafa watu wasiopungua watano. Mwaka 2013 wanavijiji walifungua kesi London, ikamalizwa mwaka 2015 kwa makubaliano nje ya mahakama. Mei 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu. Sasa angalia, katika miaka hiyohiyo kampuni ilikuwa na mfuko wake wa maendeleo, ulioanzishwa mwaka 2011. Fedha zilitoka, miradi ikajengwa. Lakini ukienda msibani ukaanza kuzungumzia darasa jipya, nani atakusikiliza?

MZEE: Marahaba, mwanangu. Basi umenisaidia. Misaada ilitolewa na chuki ikabaki palepale. Kumbe ilikuwa hasara tupu.

MHASIBU: Mzee wangu, usikimbie hapo. Tukubaliane kwanza thamani ni nini. Mtu akinunua shamba la minazi Bagamoyo halipii nazi zilizoko juu leo tu. Analipia nazi za miaka thelathini ijayo, kisha anapunguza bei kwa kila hofu aliyo nayo: mpaka una mgogoro, jirani anaiba, barabara itapita katikati. Kampuni ni hivyohivyo. Bei ya hisa ni mavuno ya kesho yakishapunguzwa kwa hofu za leo. Mwanauchumi James Tobin alikuwa na kipimo chake: chukua thamani ya kampuni sokoni, igawe kwa gharama ya kuvinunua upya vitu vyake vyote. Ukipata zaidi ya moja, soko linaamini kuna kitu kilichozidi mashine na majengo. Kile kilichozidi ni imani. Ndiyo inayojengwa au kuvunjwa na namna kampuni inavyoishi na watu.

MZEE: Imani ya nani? Mimi nataka ushahidi.

MHASIBU: Upo, ila unahitaji mkono wa kuutafsiri. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Ujerumani, Friede, Busch na Bassen, walikusanya matokeo ya tafiti zipatazo 2,200 kuhusu uhusiano kati ya mwenendo wa kampuni kwa jamii, mazingira na utawala bora, na hali yake ya fedha. Karibu asilimia 90 hazikuona madhara kwa upande wa fedha, na nyingi ziliona nafuu.

MZEE: "Hazikuona madhara" si sawa na "ziliona faida". Halafu niambie, nani hutoa zaka? Mwenye nacho. Kampuni yenye faida ndiyo inayoweza kugawa madawati. Wewe unaona madawati na faida vimesimama pamoja, unadhani madawati ndiyo yaliyozaa faida. Huenda ni kinyume.

Hapa lazima niingie kati, maana Mzee amegusa kidonda halisi cha tafiti hizi. Mambo mawili kutembea pamoja si ushahidi kwamba moja linalivuta jingine. Tena hata alama zinazotolewa na wapimaji wa kimataifa huweza kumpotosha mtu mwangalifu. Septemba 2015 Volkswagen ilitajwa kuwa kinara wa sekta ya magari katika faharasa ya Dow Jones ya makampuni endelevu. Siku chache baadaye, tarehe 18, mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza kwamba magari yake ya dizeli yana programu ya kudanganya vipimo vya moshi. Katika siku mbili za kwanza za soko, hisa zake zilipoteza kama theluthi ya thamani. Wapimaji walikuwa wamezisoma ripoti. Programu ya udanganyifu ilikuwa ndani ya injini. Mwaka ule kampuni ilipata hasara ya euro bilioni 1.6, lakini wajumbe 12 waliopita katika bodi yake ya utendaji waliandikiwa malipo ya euro milioni 63 kwa pamoja.

MWALIMU: Kwa hiyo ripoti nzuri haitoshi, madarasa hayatoshi. Mimi nauliza jambo jepesi. Meneja akiamka asubuhi, kitu gani kinamkosesha usingizi? Ni mto wetu au ni tani za mawe?

MHASIBU: Kinachomkosesha usingizi ni kile kilichoandikwa katika mkataba wake wa bonasi. Nimesoma mikataba ya namna hiyo kwa miaka mingi. Kila kampuni ina sera ya jamii yenye picha za watoto wanaocheka, na ina ukurasa mwingine, mkavu, unaoeleza bosi atalipwa nini akifikisha kiasi gani. Ukitaka kujua kampuni inaamini nini, soma ule mkavu.

MZEE: Hapo sipingi. Ndiyo maana nasema mlipe kwa faida.

MHASIBU: Faida ya lini, Mzee? Mwaka 1990 Michael Jensen na Kevin Murphy walipiga hesabu za wakuu wa makampuni makubwa ya Marekani, wakakuta kwamba utajiri wa wenye hisa ukibadilika kwa dola 1,000, wa bosi hubadilika kwa dola 3 na senti 25 tu. Wakasema mabosi wanalipwa kama watumishi wa serikali, wafungwe zaidi na bei ya hisa. Miaka iliyofuata Marekani iliwajaza mabosi hisa na haki za kununua hisa, malipo yakapaa. Lakini bei ya hisa inaweza kupandishwa kwa miaka mitatu kwa kukata mafunzo, kukata matengenezo, kuahirisha ukarabati wa bwawa. Bosi anapokea, anaondoka. Bwawa linavuja mwaka wa saba. Wewe ulisema chanda chema huvikwa pete. Tatizo ni kwamba sisi tunavika pete kabla hatujajua kama chanda ni chema.

Hii ndiyo sentensi niliyokuwa naisubiri, na nataka tukae nayo. Tunapozungumzia malipo ya wakubwa mara nyingi tunabishana juu ya ukubwa wake, na hasira ina haki yake. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba hakuna mkuu wa shirika la umma atakayelipwa zaidi ya shilingi milioni 15 kwa mwezi, na watu wengi walishangilia, maana walikuwa wamesikia kuna wanaochukua milioni 40. Mwaka huohuo, Aprili, asilimia 59 ya kura za wenye hisa wa BP huko Uingereza zilikataa malipo ya karibu dola milioni 20 ya mkuu wao, Bob Dudley, kwa mwaka ambao kampuni ilipata hasara kubwa mno. Lakini ukubwa wa kifurushi hauwezi kukwambia kama fedha ile ilinunua uangalifu au ilinunua pupa. Bosi wa milioni 15 anayepimwa kwa tani tu atalitazama bwawa kwa jicho lilelile la bosi wa milioni 40.

MZEE: Sawa. Lakini acheni niwape mfano unaowapinga, maana naona mnakwenda mteremko. Tarehe 24 Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, Australia Magharibi, kwa ajili ya chuma. Wazee wa kabila la pale waliyaheshimu, na wataalamu walikuwa wamekuta humo dalili za watu kuishi tangu miaka 46,000 iliyopita. Dunia ikalia. Je, hisa zilianguka? Mwaka ule zilipanda, kwa sababu bei ya chuma ilipanda. Soko halikulilia mapango. Kwa hiyo msiniambie kwamba ubaya kwa jamii hupunguza thamani kila mara. Wakati mwingine haupunguzi kitu.

MWALIMU: Mzee, unasema hivyo kwa utulivu sana.

MZEE: Nasema kilichotokea, mwanangu. Kukipenda ni jambo jingine.

Mzee ana haki, na mwandishi anayeficha mfano huo anamdanganya msomaji wake. Kuna maovu ambayo soko huyapita bila kugeuka. Kama hoja pekee ya kuheshimu mapango, mito na watu ni bei ya hisa, basi siku bei inapopanda heshima inakufa. Mimi naamini mapango yale yalistahili kuachwa hata kama hisa zingepanda maradufu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Lakini fuatilia kilichompata mkuu wa Rio Tinto, Jean-Sébastien Jacques. Kwanza bodi ilimkata bonasi na sehemu ya hisa, jumla kama pauni milioni 2.7. Wawekezaji wakubwa, mifuko ya pensheni ya Australia ikiwa mstari wa mbele, walikataa wakisema haitoshi. Septemba ikatangazwa kwamba yeye na wenzake wawili wataondoka. Hata hivyo hesabu za mwaka zilipofungwa, malipo yake ya 2020 yalifikia pauni milioni 7.2, zaidi ya mwaka uliotangulia, kwa sababu hisa alizoahidiwa miaka ya nyuma zilikuwa zimeiva na bei ilikuwa juu. Mwaka 2021 zaidi ya asilimia 60 ya kura za wenye hisa zilipinga ripoti ile ya malipo. Kura ilikuwa ya ushauri tu.

MHASIBU: Na ndiyo maana nasema tusidanganyike kwa kuongeza mstari wa CSR katika bonasi halafu tukalala. Siku hizi ni mtindo: asilimia kumi ya bonasi kwa "jamii na mazingira". Ukichungulia unakuta kipimo ni idadi ya miradi iliyozinduliwa. Bosi anakata utepe mara sita, anapata alama zote. Kipimo anachoweza kukitimiza kwa kutoa hundi hakimlazimishi kubadili chochote kazini.

MWALIMU: Basi wapimwe na sisi. Waulize kijiji.

MHASIBU: Mngeulizwa nini, Mwalimu?

MWALIMU: Maji yako yalipimwa lini, na matokeo uliyaona? Shamba lako lilipothaminiwa, ulilipwa baada ya muda gani? Mwaka huu kuna aliyejeruhiwa au kufa kwenye uzio wa mgodi? Ukilalamika, unajibiwa baada ya siku ngapi? Mambo hayo hayahitaji profesa. Mwenyekiti wa kijiji anayajua, mganga wa zahanati anayajua.

MZEE: Na wakiyatumia kumkomoa bosi? Kila anayedai fidia atasema hajajibiwa.

MWALIMU: Ndiyo maana nimetaja tarehe na siku, Mzee, sikutaja hisia. Kila swali lina karatasi yake.

MZEE: Hilo la karatasi nimelipenda. Lakini turudi Acacia mliyoanza nayo. Mnataka kusema ilianguka kwa sababu ya Nyamongo? Ilianguka kwa sababu ya siasa. Tarehe 3 Machi 2017 serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, kusafirishwa nje. Mei ikatoka ripoti ya kamati ya Profesa Mruma kuhusu mchanga huo, Juni ya Profesa Osoro, Julai ikaja ankara ya kodi na faini ya dola bilioni 190. Bilioni 190! Hiyo ni mara nyingi mno kuliko thamani ya kampuni yenyewe. Kampuni ikakanusha, Bulyanhulu ikapunguza kazi, watu wakapoteza ajira. Madarasa yangezuia nini hapo?

MHASIBU: Yasingezuia, na mimi simwambii mtu kwamba Nyamongo peke yake iliishusha hisa kutoka 575. Kulikuwa na gharama kubwa za uchimbaji, kulikuwa na makosa ya kibiashara, kulikuwa na serikali mpya yenye nguvu na ankara ambayo hata mimi ilinishangaza. Lakini siasa ni mojawapo ya zile hofu za mnunuzi wa shamba. Mgogoro wa kodi humkuta mwenye marafiki na asiye na marafiki, ila hauwakuti sawa. Kampuni iliyokaa miaka kumi na majirani wenye makaburi, kesi na mto wanaouogopa, siku serikali inapobisha hodi itamtegemea nani aseme "hawa ni watu wema"? Imani haipatikani kwa haraka siku ya shida.

Hapa nasimama na Mhasibu, nikiwa na ushahidi wa kilichofuata. Mwaka 2017 Bunge liliirekebisha Sheria ya Madini, na kifungu cha 105 kikaufanya mpango wa wajibu kwa jamii kuwa jambo la lazima: mmiliki wa leseni auandae kila mwaka na kukubaliana na halmashauri. Januari 2020 Barrick ilitia saini na serikali makubaliano yaliyoleta kampuni yao ya ubia, Twiga Minerals. Serikali ikapata asilimia 16 ya umiliki, faida za kiuchumi zikakubaliwa kugawanywa nusu kwa nusu, dola milioni 300 zikakubaliwa kulipwa kumaliza madai, na hadi dola 6 kwa kila wakia inayouzwa zikatengwa kwa maendeleo ya jamii. Kwa lugha ya Mzee, kile kilichoitwa sadaka kiligeuka kuwa gharama ya kufanya biashara, na waliochelewa kukilipa kwa hiari walikilipa kwa bei ya soko iliyokwisha poromoka.

MZEE: Nikikubali hayo, na sijakubali yote, mnataka nifanye nini? Mimi nina hisa chache katika benki moja. Sina mgodi.

MHASIBU: Ulizia muda. Bosi alipwe mshahara wake wa mwezi kama kawaida. Bonasi na hisa zicheleweshwe, tena zisiive mara tu anapoondoka. Zikae miaka mitano, kwa migodi hata zaidi, na ziweze kukatwa au kurudishwa kama madhara ya uamuzi wake yakijitokeza. Hapo hutahitaji kumhubiria kuhusu mto. Mto utakuwa sehemu ya akiba yake.

MZEE: Watu wazuri watakukimbia. Nani atasubiri miaka mitano?

MHASIBU: Wewe ulisubiri pensheni yako miaka mingapi?

MZEE: Thelathini na mmoja.

MWALIMU: Na ulifanya kazi vibaya kwa sababu hiyo?

MZEE: Nilikuwa mwangalifu zaidi, kwa kweli. Sikutaka kuipoteza. Haya, hilo la kuchelewesha nakubaliana nalo, kwa sababu linanilinda mimi mwenye hisa kabla halijamlinda mtu mwingine. Madawati bado nina shaka nayo.

MWALIMU: Mzee, maji yakiwa salama na fidia zikilipwa kwa wakati, madawati tutachanga wenyewe.

Hukumu yangu ni hii. Misaada kwa jamii haiwezi kuipa thamani kampuni ambayo bosi wake analipwa ili aisahau jamii hiyo. Viwili hivyo vinapopingana, fedha ya bonasi hushinda, maana ndiyo inayoingia katika akaunti ya mtu anayetoa amri. Kampuni inayotaka wajibu wake kwa jamii uonekane katika bei ya hisa iuweke ndani ya malipo ya mkubwa wake, kwa vipimo ambavyo mwenyekiti wa kijiji anaweza kuvithibitisha, na iyacheleweshe malipo hayo mpaka ukweli ujitokeze.

Wewe unayesoma huenda una hisa chache kama Mzee, au ni mwanachama wa mfuko wa pensheni unaonunua hisa kwa jina lako. Nchini Kenya Sheria ya Makampuni ya 2015 inazitaka kampuni zilizoorodheshwa sokoni kuandaa ripoti ya malipo ya wakurugenzi; ukiwa huko, idai na uisome. Popote ulipo, nenda kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Picha za uzinduzi zikishamaliza kuoneshwa, nyoosha mkono, uulize mbele ya wote: bonasi ya mkurugenzi mtendaji imelipwa kwa kazi gani, na kama kazi hiyo itakuja kuonekana ilikuwa mbaya, mtairudisha vipi?